Farasi kaacha kuchechemea, kano bado imechanika: uzi wa ultrasaundi ya miguu ya farasi

MLETA UZI

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kuna mtu humu alimshauri mwenzake hivi: farasi akichechemea mpumzishe, akiacha kuchechemea mrudishe kazini. Watu wakampa likes kibao. Nilitaka kupita kimya nikashindwa, kwa sababu ushauri ule ule umeshaharibu farasi wawili mbele ya macho yangu.

Nijitambulishe kwanza. Mimi si daktari. Ni msaidizi wa daktari wa mifugo: nashika farasi, nanyoa mguu, napaka jeli, nabeba mashine, na siku hizi naachiwa kushika hata kile kidude cha kupimia. Mtu wa Arusha niliyelowea Nairobi, upande wa Karen na Ngong, kwenye farasi wa mbio, wa polo na wa kuruka viunzi. Mwaka wa kumi na moja huu.

Naanza na farasi mmoja, tumwite Kahawia. Miaka mitano, kahasiwa, kakimbia Jumapili kadhaa pale uwanja wa Ngong. Asubuhi moja kabla jua halijatoka saisi wake (mtunza farasi), mzee ambaye ameshika miguu ya farasi kabla mimi sijazaliwa, kapitisha mgongo wa mkono nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto, katikati kati ya goti na kifundo. Kasimama. Karudia. Kaenda mguu wa kulia, karudi kushoto. Akasema: "Huu una moto."

Hiyo tu. Hakuna uvimbe wa kuonekana kwa macho. Tukamtoa, tukamkimbiza matiti kwenye lami (msicheke, ndilo jina la Kiswahili la mwendo ule wa kati, kabla ya shoti, yaani mbio kamili). Hachechemei hata kidogo. Mwenye farasi akafurahi, mbio zilikuwa zimebaki siku tisa.

Daktari akapima kwa ultrasaundi siku ile ile. Kwenye kioo cha mashine kano ilionekana imenenepa kidogo kuliko ya mguu wa pili, basi. Angekuwa mwingine angesema hamna kitu. Yeye akasema: barafu dakika ishirini mara kadhaa kwa siku, bandeji, asitoke bandani, narudi wiki ijayo. Siku ya nane tukapima tena. Katikati ya kano kulikuwa na shimo jeusi, kama mtu kachomoa risasi ya penseli akaacha mbao. Karibu sehemu moja ya sita ya upana wa kano haipo.

Wengi hili hawalijui. Kidonda cha kano huendelea kutanuka siku za mwanzo, kwa sababu damu na vimeng'enya vinakula nyuzi zilizo jirani. Ukipima siku ya kwanza ukaona padogo, usishangilie. Picha ya kuaminika ni ya baada ya wiki moja hivi.

Sasa kwa nini pale? Mguu wa farasi chini ya goti la mbele hauna nyama. Ni mfupa, kano (inayounga msuli na mfupa), ligamenti (inayounga mfupa na mfupa) na ngozi. Nyuma ya mguu, ukianzia kwenye ngozi kuingia ndani, unakutana na kano ya juu, halafu kano ya ndani, halafu ligamenti inayoisaidia ile ya ndani, kisha ligamenti inayobeba kifundo, ndipo mfupa. Ile kano ya juu ndiyo spring ya farasi. Akiwa shoti, mguu mmoja hubeba kama mara mbili na nusu ya uzito wake wote, na farasi wa mbio ana kilo 450 hadi 500, pigeni hesabu wenyewe. Kifundo kinashuka karibu kugusa ardhi, kano inavutika zaidi ya asilimia 10 ya urefu wake, inarudi, inavutika tena. Inapata moto pia: ndani yake wamewahi kupima hadi nyuzi joto 45. Damu inayopita pale ni kidogo, joto halina pa kwenda. Na pale katikati ndipo kano ilipo nyembamba kuliko kwingine, kwa hiyo ndipo inapokatikia.

Kabla ya mashine hizi madaktari walikuwa na vidole tu. Ripoti ya kwanza ya kutumia ultrasaundi kwenye miguu ya farasi ilitolewa na Norman Rantanen huko Marekani mwaka 1982. Si zamani, yule mzee saisi alikuwa kazini tayari.

Naendelea kesho na jinsi picha inavyopigwa. Maswali yanakaribishwa.

MDAU WA MOROGORO

Nimeweka kambi hapa. Ila mkuu, kama hachechemei si mzima? Mnyama hadanganyi.

MLETA UZI

Mnyama hadanganyi, ila mguu unadanganya.

Nikupe mfano dunia nzima iliuona. 2012, Marekani, farasi aitwaye I'll Have Another alishinda Kentucky Derby na Preakness. Ilibaki Belmont tu apate taji la mbio tatu, ambalo hakuna farasi aliyelipata tangu Affirmed mwaka 1978. Mbio Jumamosi tarehe 9 Juni. Ijumaa, siku moja kabla, wakatangaza kwamba hakimbii: mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa na joto na uvimbe mdogo, wakapima, kano ya juu imeanza kuumia. Akastaafishwa hapo hapo. Watu walilalamika sana, maana farasi kwa macho yako alikuwa anatembea vizuri. Taji likasubiri hadi American Pharoah, 2015.

Wangemkimbiza? Angeweza kushinda. Angeweza pia kuanguka mbele ya maelfu ya watu, na jokii juu yake.

Kwenye kano, kuchechemea mara nyingi kunaisha ndani ya wiki moja au mbili. Maumivu yanatoka kwenye uvimbe, uvimbe ukishuka farasi anatembea kama bwana harusi. Tundu bado lipo. Na ukimpa dawa ya maumivu ndiyo kabisa, umezima king'ora ukaacha moto.

DADA WA KARATU

Shule nzuri kaka. Sisi huku tuna farasi wa kubeba watalii, daktari ni wa ng'ombe. Nitajuaje kwanza kama anachechemea mguu gani? Maana tukimtazama watu watano tunapata miguu mitatu tofauti.

MLETA UZI

Hahaha, hiyo ipo kila mahali dada, hata kwa madaktari.

Mkimbize matiti kwa mstari ulionyooka, juu ya ardhi ngumu iliyo sawa, kamba ilegee ili kichwa kiwe huru. Anayemshika asimvute. Wewe simama mbele, tazama kichwa tu. Miguu iache. Mguu wa mbele unaouma ukikanyaga, kichwa kinapanda juu, kwa sababu anajaribu kuuondolea uzito. Mguu mzima ukikanyaga, kichwa kinashuka. Kwa hiyo kichwa kinainamia mguu MZIMA. Watu wengi wanageuza hili wanatibu mguu usio na kosa.

Ukitaka kuangalia miguu ya nyuma simama nyuma yake, tazama nyonga: upande unaouma unapanda na kushuka kuliko mwenzake. Ni vigumu zaidi. Chukua video kwa simu uirudishe polepole, hiyo imenisaidia kuliko darasa lolote.

Ukishajua mguu, anza na ukwato. Daima. Kuchechemea kwingi kwa miguu ya mbele kunatoka kwenye ukwato, si kwenye kano. Shika ukwato wa kushoto na wa kulia, upi una joto? Gusa mshipa wa damu pembeni ya kifundo, unagonga kwa nguvu upande mmoja? Kuna koleo maalumu la kubana ukwato, akiruka umepata. Msumari wa kiatu uliopigwa karibu mno, jiwe, usaha. Halafu ndipo upande juu: inua mguu ukunje ili kano zilegee, kisha zibonyeze moja moja kwa kidole gumba na cha shahada, toka gotini hadi kifundoni. Akivuta mguu pale pale kila ukigusa, andika mahali.

Kama bado hamjapata, daktari anachoma ganzi, kuanzia chini kupanda. Anatia ganzi kisigino, anamkimbiza tena. Bado anachechemea? Anapanda juu kidogo. Pale kuchechemea kunapoisha ndipo mnajua maumivu yalikuwa chini ya sindano ya mwisho. Ultrasaundi inakuja baada ya hapo, kwa sababu mashine inaona vizuri pale tu ulipoielekeza, na haipenyi ukwato. Ndani ya ukwato ni eksirei, au MRI (mashine ya picha ya sumaku) kwa wenye uwezo.

MDAU WA MOROGORO

Shemeji yangu ana kliniki ya ultrasaundi ya wajawazito. Naweza kumpeleka farasi? 😂

MLETA UZI

Mlango hautatosha.

Ila swali lako si la mzaha. Mashine ya wajawazito ina kichwa (kile kidude kinachogusa mwili) kilichopinda na mawimbi ya chini, kama megahezi 3.5, ili yaende mbali ndani ya tumbo. Kano iko milimita chache chini ya ngozi, na yote tunayoyataka yapo ndani ya sentimita tano au sita. Tunataka kichwa kilichonyooka, megahezi 7.5 kwenda juu, kumi au kumi na mbili ukipata. Mawimbi ya juu hayaendi mbali lakini yanaona nyuzi.

Dada wa Karatu, hapa nawe usikilize: daktari wako wa ng'ombe kama ana ile mashine ndogo ya kupima mimba kwa kupitia njia ya haja kubwa, kichwa chake kimenyooka na nyingi zina megahezi 5 hadi 7.5. Ile inaweza kupima kano. Haitatoa picha ya kupamba ukutani, lakini shimo utaliona. Aisafishe vizuri tu kabla.

Sasa jinsi inavyofanyika. Tunanyoa nyuma ya mguu, kamstari tu, kuanzia chini ya goti hadi kifundo. Mwenye farasi mmoja alikataa tusinyoe kwa sababu ana maonyesho, tukaloanisha manyoya kwa spiriti na jeli, picha ikatoka kama mvua ya televisheni ya zamani. Hewa ni adui: mawimbi yakikutana na hewa iliyonasa kwenye manyoya yanarudi yalikotoka. Nyoa. Osha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Paka jeli, subiri dakika kumi iingie. Kwa kuwa kano ya juu iko karibu mno na ngozi, tunaweka na kipande cha plastiki laini kama mkate wa jeli kati ya kichwa na mguu, ili kano isibanwe pale juu kabisa ya picha ambapo haionekani vizuri.

Farasi lazima asimame akiwa amekanyagia miguu yote minne. Akiinua mguu mmoja kano inalegea na picha inabadilika. Daktari anaanza kwa kukata kwa upana, kama unavyokata muwa, anashuka kidogo kidogo, na kila picha anaandika ni sentimita ngapi kutoka kwenye kile kifupa kinachotokeza nyuma ya goti. Bila kipimo hicho picha ya leo na ya miezi mitatu ijayo huwezi kuzilinganisha. Halafu anageuza kichwa, anaangalia kwa urefu. Kano nzima kwa urefu inaonekana kama makuti yaliyochanwa na kulazwa sambamba, mistari myeupe iliyobanana. Iliyoumia, mistari inakatika, inapinda, au hakuna.

Na anapima miguu yote miwili. Mguu wa pili ndio kamusi yako. Pia, kano ikiumia upande mmoja, mara nyingi na upande wa pili imeanza.

Nikiri kosa langu. Mwaka wa kwanza nilioachiwa kushika kichwa, nilimwita daktari mbio: "Dokta, huyu amechanika vibaya!" Kweli kwenye kioo kuna weusi mtupu katikati ya kano ya ndani. Akaja, hakusema neno, akaushika mkono wangu akauinamisha kidogo sana, kama unavyoinamisha kikombe. Shimo likatoweka. Akaurudisha, shimo likarudi. Farasi mzima, anakula nyasi zake.

Mawimbi lazima yaipige kano kwa pembe mraba. Ukienda upande kidogo tu, nyuzi zinayarusha pembeni, hayarudi kwenye mashine, na mashine inachora weusi. Kwa hiyo ukitumiwa picha moja kwa WhatsApp na mtu anakwambia "ona, imechanika", mwombe video. Weusi wa kweli haukimbii ukitikisa mkono.

MDAU WA MUSCAT

Assalam alaykum. Nimezaliwa Unguja, niko Oman mwaka wa ishirini. Huku farasi wa masafa marefu ndio habari ya mjini. Kwetu kano ya juu si tatizo kubwa kama ile ligamenti ya kifundo, hasa juu kabisa chini ya goti. Tunapima, mmoja anasema mbovu, mwingine anasema nzima. Kisa nini?

MLETA UZI

Wa alaykum salaam sheikh. Umegusa palipo pagumu.

Ile ligamenti asili yake ilikuwa msuli. Ndani yake mpaka leo kuna nyuzi za nyama na mafuta, na hizo kwenye kioo ni nyeusi. Kwa hiyo farasi mzima kabisa ana madoa meusi pale juu, na kila farasi ana yake. Ongeza kwamba pale juu mfupa na mishipa ya damu vinabana nafasi. Ndiyo maana wataalamu wawili wanasoma picha moja wanatofautiana. Kwanza ganzi ithibitishe kwamba maumivu yanatoka pale kweli. Pili linganisha na mguu wa pili kwa sentimita ile ile. Tatu tazama ukubwa: imenenepa kuliko mwenzake? Uso wa mfupa inaposhikilia umekwaruzika? Wengine hupima mara ya pili mguu ukiwa umeinuliwa na kukunjwa, ili kano zisogezwe pembeni wapate dirisha. Ikishindikana, MRI, na huko mliko naamini kuipata ni rahisi kuliko huku.

MDAU WA LAMU

Mimi sina farasi wala sina hamu nao. Nina punda. Punda wa mjomba anachechemea mguu wa mbele wa kulia tangu juzi, hataki hata kuuweka chini. Mafundi wa hapa wanasema kano, achomwe chuma cha moto. Mjomba ameshawasha mkaa. Nisaidieni haraka.

MLETA UZI

ZIMENI MKAA KWANZA.

Kuchoma chuma ni dawa ya kale kote, hata Uingereza walichoma farasi wa mbio kwa karne nyingi. Mwaka 1983 watafiti wa Bristol wakatoa matokeo ya kulinganisha kano zilizochomwa na ambazo hazikuchomwa. Kuchoma hakukusaidia kano kupona. Kilichokuwa kinaponya ni ile miezi mirefu ya kupumzika baada ya kuchomwa, maana farasi mwenye vidonda hapandwi.

Halafu punda ambaye siku moja ni mzima na ya pili yake hataki kabisa kukanyaga, mimi siendi kwenye kano. Naenda kwenye ukwato. Ni nadra kano kumfanya mnyama aninginize mguu hivyo, labda ikatike yote. Safisha ukwato, angalia una joto, tafuta kitundu cheusi chini, bonyeza pembeni. Na leo leo mpelekeni kliniki ya Donkey Sanctuary, ipo hapo hapo Lamu tangu miaka ya 1980. Kazi yao ni hiyo.

DADA WA KARATU

Wakati tunasubiri punda, tuambie Kahawia aliishia wapi.

MLETA UZI

Sitaki sana kukumbuka, ila sawa.

Mwezi wa kwanza bandani, anatolewa kutembezwa kwa mkono dakika tano, kumi. Mwezi wa pili dakika ishirini, thelathini. Ilizungumzwa habari ya tiba ya plazma ya damu yake mwenyewe na ya seli shina, bei ikasomwa, mazungumzo yakaisha. Mwezi wa tatu tukapima: shimo limejaa kijivu. Mwenye farasi akauona ujivu ule akasema amepona. Daktari akageuza kichwa kwa urefu, akamwonyesha: zile nyuzi zimekaa kama mkeka uliofumuliwa, kila moja na njia yake. Kovu changa lile. Kano inarudisha nyuzi ngumu polepole sana, na zinajipanga kufuata mvuto, ndiyo maana anatembezwa badala ya kufungiwa tu. Kurudi mbio ni miezi tisa hadi kumi na mbili ukienda vizuri, wengine mwaka na nusu, na kila unapotaka kuongeza kazi unapima kwanza.

Mwezi wa tano mwenye farasi akamhamishia banda jingine, ambako walimwambia anachotaka kusikia. Mwezi wa saba tukaitwa kumpima. Safari hii hapakuhitajika mashine. Nyuma ya mguu palikuwa pamepinda kama ndizi, unaona kutoka getini. Mzee saisi hakumgusa hata. Yuko hai, yuko shambani Naivasha, watoto wanampanda kwa mwendo wa kutembea.

MDAU WA LAMU

Wadau, mrejesho. Mjomba alikasirika lakini alikubali. Kliniki wamekwangua chini ya ukwato, kilitoka kioevu cheusi kinanuka, cha kujaa kijiko. Kulikuwa na kipande cha tumbawe ndani. Jioni hiyo hiyo punda kakanyaga. Wamefunga bandeji, wamesema asiende gatini wiki mbili.

MDAU WA MOROGORO

Na mkaa?

MDAU WA LAMU

Tumechomea samaki.

MLETA UZI

Alhamdulillah. Moja tu la mwisho, hao wakishika ukwato wenye usaha huwa wanachanja pepopunda. Uliza kama amechanjwa, na kama hukuuliza rudi kesho asubuhi.

MDAU WA LAMU

Amechanjwa. Mjomba anauliza na yeye achanjwe, maana alikatwa na tumbawe hilo hilo akilitoa.

MLETA UZI

Aende hospitali ya watu. Asiende kliniki ya punda.